Maumivu ya kinena yanayorudi kila ukigusa mpira: jibu kwa beki wa ndondo

Mkuu, pole sana. Umesema wewe ni beki wa kushoto, una miaka 24, na maumivu yako yapo upande wa ndani wa paja, juu kabisa karibu na mfupa wa kinena, yapata miezi mitatu sasa. Ukipumzika wiki mbili yanakwisha, ukirudi uwanjani mechi ya kwanza tu yanaamka. Mzee wa mtaani kasema ni ngiri na kakupa mizizi ya kuchemsha, na kabla ya mechi unachomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ili umalize dakika tisini. Wengi waliokujibu hapo juu kwenye uzi huu wamekushauri upumzike zaidi. Mimi sikubaliani nao.

Nimecheza winga ligi ya mkoa Morogoro misimu kadhaa, na jeraha hili ndilo lililonitesa kuliko yote. Siku hizi nasaidia mazoezi ya viungo kwenye timu ya vijana, na haupiti msimu bila kumpata kijana mwenye tatizo kama lako. Si daktari. Ninayokuambia nimeyapata kwa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) aliyenitibu, nikayasoma zaidi, kisha nikayaona yakiwarudisha watu uwanjani.

Kwanza ijulikane ni kitu gani hasa kinauma. Mwaka 2014 wataalamu 24 kutoka nchi 14 walikutana Doha, wakakubaliana kuyagawa maumivu ya kinena kwa wanamichezo katika makundi manne: misuli ya ndani ya paja, msuli wa mbele unaonyanyua goti, njia ya kinena ambayo ngiri hupitia, na mfupa wa kinena wenyewe. Nje ya hayo kuna kiungo cha nyonga, halafu magonjwa ambayo hayahusiani na mpira. Kizuri ni kwamba makundi hayo manne yanatenganishwa kwa mikono ya mpimaji na nguvu yako mwenyewe, kwa hiyo usianze kwa kutafuta hela ya kipimo cha picha cha MRI. Picha za wachezaji wasiolalamika kabisa nazo huonyesha mabadiliko kwenye mfupa wa kinena na kwenye nyonga. Picha bila kupimwa kwa mikono inaweza kukupeleka kutibu kitu kisichouma.

Lala chali, kunja magoti, weka mpira katikati ya magoti, ubane kwa nguvu. Maumivu yako yale yale yakija, pale pale, na ukibonyeza ile kano ngumu inayoshika mfupa wa kinena nayo inauma, basi ni misuli ya ndani ya paja. Ndilo kundi linalowapata wachezaji wa mpira zaidi kuliko mengine, na kwa jinsi ulivyoeleza kwamba pasi ya ndani ya mguu na krosi ndefu ndizo zinakuumiza, nadhani uko hapo. Kama kinachouma ni kunyanyua goti dhidi ya mkono wa mtu, ni msuli wa mbele. Ukikohoa, ukipiga chafya au ukijiinua kitandani ndipo unachomwa juu kidogo ya mkunjo wa paja, ni njia ya kinena. Maumivu ya ndani kabisa, goti likivutwa kifuani na kugeuziwa upande wa pili, pamoja na nyonga kukaza au kunasa, hapo kiungo chenyewe kichunguzwe.

Kuhusu ngiri: ngiri ya kweli ina uvimbe unaotokeza ukisimama au ukikohoa, na mara nyingi unarudi ukilala. Inatibiwa na daktari wa upasuaji, hakuna mzizi unaoziba tundu lile. Wewe huna uvimbe, wala huumii ukikohoa. Acha ile mizizi.

Sasa naomba wote mnaosoma mtulie hapa, maana kuna maumivu ya kinena ambayo hayangoji uzi wa jukwaani. Korodani ikianza kuuma ghafla, hasa kwa kijana, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Ikiwa imejisokota, zikipita saa sita hivi uwezekano wa kuiokoa hushuka haraka. Uvimbe wa ngiri uliogoma kurudi, unauma na mtu anatapika, vivyo hivyo. Mkimbiaji wa mbio ndefu anayeumwa kinena kila akikanyaga, na maumivu yanamfuata mpaka kitandani, asimame kukimbia apigwe picha, kwa sababu shingo ya mfupa wa paja inaweza kuwa imeanza kupasuka. Kwa wasichana wanaojinyima kula na ambao hedhi zimekatika hatari ni kubwa zaidi. Mtoto wa miaka kumi hadi kumi na sita anayechechemea, hata akisema ni goti linalouma, apigwe eksirei ya nyonga. Mwenye selimundu asiambiwe amevuta msuli kabla nyonga yake haijaangaliwa. Homa, mitoki au usaha, hayo ni ya daktari, mpira hauhusiki.

Turudi kwako. Kupumzika kunazima maumivu, lakini msuli unabaki dhaifu, na kila wiki unayokaa unazidi kulegea. Ndiyo maana mechi ya kwanza inakurudisha ulipokuwa. Mwaka 1999 daktari wa Denmark, Per Hölmich, na wenzake walichapisha utafiti wa wanamichezo 68 wenye maumivu sugu kama yako. Kundi moja lilipewa kuchuliwa, kunyooshwa viungo na mashine za umeme. La pili lilipewa mazoezi ya kuimarisha misuli. Waliorudi kwenye kiwango chao bila maumivu walikuwa 4 kwa kundi la kwanza na 23 kwa la pili. Niliposoma namba hizo nilielewa kwa nini kuchuliwa na mafuta ya moto kila jioni hakukunisaidia.

Wiki mbili za mwanzo ni za kubana tu. Lala chali, miguu imenyooka, mpira kati ya nyayo, bana sekunde 30, achia, mara kumi. Kisha mpira kati ya magoti yaliyokunjwa, hivyo hivyo. Ongeza mazoezi ya tumbo. Siku tatu kwa wiki. Baada ya hapo unaingia kuvuta mguu ndani kwa tyubu ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo, na kutelezesha mguu pembeni ukiwa na soksi kwenye vigae. Mwisho ni zoezi la Copenhagen: unalala ubavu, mwenzako anashika mguu wa juu, unajinyanyua kwa nguvu ya paja hilo huku mguu wa chini ukiupandisha ukutane nao. Ni zito, usilikimbilie. Na acha kujichana msamba kila asubuhi ukidhani unalegeza. Kwenye programu ile ya Hölmich kunyoosha misuli ya ndani ya paja kulikatazwa.

Kipimo chako ni ule mpira wa magotini. Kila asubuhi bana sekunde tano, ujipe alama kutoka sifuri hadi kumi. Sifuri hadi mbili, endelea na uongeze. Tatu hadi tano, punguza kasi na mashuti. Sita kwenda juu, siku hiyo hakuna uwanja. Hapo ndipo sindano inapoharibu kila kitu: inakuficha alama, unacheza kwenye sita ukidhani ni moja. Tena diklofenaki ya mara kwa mara inachubua tumbo na kuumiza figo, hasa ukiwa umekaukiwa maji kwenye jua la saa nane. Anayewachoma kabla ya mechi anawasaidia kushinda Jumapili moja tu.

Mbio zinarudi kwa mpangilio: kukimbia mstari ulionyooka kwanza, kisha spidi, kisha kugeuka, na krosi ndefu mwisho kabisa. Hesabu miezi miwili hadi mitatu ya mazoezi kabla ya mechi, na kurejea kikamilifu kunaweza kuchukua zaidi. Ukishapona usiache. Timu za Norwei zilizofanya zoezi la Copenhagen mara tatu kwa wiki kabla ya ligi, na mara moja kwa wiki ligi ikianza, zilipunguza hatari ya matatizo ya kinena kwa asilimia 41, na zoezi hilo halihitaji kifaa chochote zaidi ya mwenzako.

Kabla hujaanza, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa wako, uulize idara ya fiziotherapia, na umwambie mtaalamu wa hapo akupime kwa kubonyeza na kwa kubana. Kesho asubuhi jaribu mpira magotini, uniandikie alama yako hapa pamoja na sehemu inayouma, nikuambie uanzie zoezi gani.