Mwanangu atalazwa wiki ijayo: nimwambie au ninyamaze?

SWALI: Shikamoo, mama. Mwanangu wa miaka 5 atalazwa wiki ijayo, atolewe tonsili. Bibi yake anataka tumwambie tunakwenda kumtembelea shangazi, asije akalia njia nzima. Mimi moyo unasita. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikilize huo moyo. Bibi anamhurumia mjukuu wake, namwelewa. Lakini katika miaka 22 niliyouguza wodi ya watoto, sijamsahau binti mmoja wa miaka 6 aliyeletwa kwetu na viatu vipya vya sherehe. Alikuwa ameambiwa anapelekwa kwenye sherehe. Sindano aliivumilia. Viatu ndivyo alivyokataa kuvuliwa; akapanda navyo kitandani, akageukia ukutani, na siku mbili nzima hakupokea hata maji mkononi mwa mama yake. Kwetu sisi wageni alipokea.

Kwa hiyo mwambie, ila si leo. Kwa umri wake siku 2 au 3 kabla zinatosha, ukimwahi sana atakosa usingizi. Sema: “Koo lako linaumwa mara kwa mara, daktari atatoa kinacholisumbua. Hujakosa lolote.” Hilo la mwisho usilisahau hata kidogo. Wapo watoto wengi wanaodhani wanalazwa kwa sababu ya utundu, hasa waliokuwa wakitishiwa sindano nyumbani.

Ukifika kwenye nusukaputi, usiishie kusema “utalala”, asije akaogopa kitanda chake mwenyewe. Mwambie ni usingizi wa dawa, hatasikia kitu, na daktari wa usingizi atakuwa naye mpaka kazi iishe, kisha ataamka. Usimwahidi kwamba haitauma. Koo litauma kwa siku kadhaa, na dawa ya maumivu ipo. Afundishwe tu kusema anapoumwa. Kwa ajili ya sindano ya dripu, uliza wodini kama wana malhamu ya ganzi. Hupakwa mkononi kama saa moja kabla.

Wodi itakupa saa ya kuacha kula na kunywa. Ifuateni kama ilivyo, hata akililia kipande kidogo. Akiwa kwenye nusukaputi, chakula cha tumboni kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Ni hatari kweli.

Mpe mdoli na bendeji, umwache amtibu, wewe kaa karibu unyamaze. Maswali anayoogopa kukuuliza atayauliza kwa kinywa cha mdoli.

Omba kulala naye. Na ukitoka, hata kwenda chooni tu, muage na umwambie unarudi. Usimtoroke akisinzia, maana akiamka asikuone hatakubali kusinzia tena.

Bibi mpe kazi ya begi: walipange wawili, mtoto achague mwenyewe blanketi lake. Lile kuukuu, na msilifue kwanza. Usiku wodini atataka harufu ya nyumbani.