Kabla ya Kutia Saini Mkataba wa Wiki 13

Juma lililopita niliandikiwa na muuguzi wa Eldoret aliyefaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, na sasa anasubiri viza. Anauliza kama anaweza kuingia moja kwa moja katika uuguzi wa kusafiri, yaani kufanya kazi kwa mikataba mifupi ukihama hospitali moja hadi nyingine, mara tu akifika Marekani, kwa sababu amesikia kuwa huko ndiko kwenye fedha. Dada yangu, swali hilo ndilo nililokuwa nalo mimi, na haraka yangu ilinigharimu.

Mimi niliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, kwa hiyo hakuna mwajiri aliyenifunga. Baada ya mwaka mmoja katika wodi ya magonjwa ya ndani huko Texas, wakala alinipigia simu kunieleza habari za North Dakota: wiki 13, zamu tatu za usiku kila wiki, saa 12 kila zamu, pamoja na posho ya nyumba. Kwa kuwa majimbo yote mawili yamo katika mapatano ya majimbo ya kutambua leseni moja ya uuguzi, sikuhitaji leseni mpya, kama ambavyo ningehitaji kwa California. Nilitia saini usiku uleule.

Nilielekezwa kazi kwa zamu moja tu, na usiku wa pili nikakabidhiwa wagonjwa watano. Saa tisa usiku shinikizo la damu la mzee mmoja likashuka ghafla. Nilisimama mbele ya kabati la dawa nikiingiza namba yangu ya siri mara tatu, nalo likikataa kufunguka, huku kengele ya chumba chake ikilia nyuma yangu. Muuguzi wa siku nyingi ndiye aliyekuja kulifungua. Mzee alipona, lakini mimi mchana ule sikupata hata lepe la usingizi.

Wiki ya tano hospitali ikanikatizia mkataba kwa maelezo kwamba wagonjwa wamepungua, nami nilikuwa nimekwisha kulipa kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Hakuna aliyenitaka radhi. Mpaka leo naiona kuwa ni dhuluma, ijapokuwa kifungu kilichowaruhusu kilikuwa ukurasa wa nne na saini yangu ilikuwa chini yake.

Tangu hapo nimemaliza mikataba 11, na mama yangu analala katika nyumba niliyomjengea kwa jasho hilo. Ndiyo maana nasema bila kusita: usikubali mkataba usiotaja saa utakazolipwa hata wagonjwa wakipungua, wala usilipe kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Posho ya nyumba nayo haikatwi kodi ya mapato iwapo tu una makazi ya kudumu unayoendelea kuyagharimia kwingineko. Wengi hupuuza jambo hili, kisha Mamlaka ya Mapato ya Marekani huwadai.

Nawe unakuja kwa viza ya mwajiri, basi mtumikie kama mlivyoandikiana. Katika miaka hiyo omba kupelekwa kwenye wodi nyingine kila nafasi inapotokea, hasa zile ambazo wenzako wanazikimbia, mpaka uzoee kuanza kazi mahali usipomjua mtu. Ukishaupata mkataba wako wa kwanza nitumie kabla hujatia saini, tuusome pamoja, tuanzie ukurasa wa nne.