Maswali ya Anga: Kwa nini hawakuchota kwa koleo?

SWALI: Wahariri, salaam. Nasikia chombo cha anga OSIRIS-REx, kilichotumwa na Marekani kuleta mawe ya asteroidi Bennu (mwamba unaoelea angani), hakikutua huko, kiligusa sekunde sita tu kikaondoka. Safari ndefu vile, si bora kingetua kikachota kwa koleo? Na Apophis, ile asteroidi nyingine itakayopita karibu na Dunia, tutaiona huku kwetu?
– Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Koleo lingekirusha chombo chenyewe. Bennu ina upana wa mita 490 hivi, na mvutano wake ni hafifu mno: kitu kikitupwa juu kwa sentimita 20 tu kwa sekunde, ndiyo kwaheri. Ukichimba pale, jembe linakusukuma wewe.

Ndiyo maana mkono wa chombo ulifungwa kichwa cha duara, mfano wa chujio la hewa la gari. Kikigusa, chupa ya nitrojeni inafyatuka, gesi inatimua kokoto, nazo zinanaswa kwenye wavu. Fundi anayepuliza vumbi kwa kompresa ataelewa mara moja.

Siku ya kugusa, tarehe 20 Oktoba 2020, amri ya redio kutoka duniani ilihitaji dakika 18 na ushei kufika huko, kwa hiyo chombo kilijiongoza kwa kulinganisha picha zake na ramani. Kilishuka taratibu, sentimita 10 kwa sekunde. Ajabu, mkono ulizama kama nusu mita, kama mguu kwenye lundo la makumbi. Roketi za kurudi nyuma ndizo zilizousimamisha.

Tatizo likawa shibe. Mawe yalikaba kilango laini cha kichwa, kikabaki wazi, changarawe zikavuja. Chombo kilikuwa kizungushwe ili mzigo upimwe. Wahandisi wakaacha, maana kila mtikisiko ulimwaga zaidi, wakaufungia mzigo ndani ya kapsuli upesi. Kapsuli ilitua Utah, Marekani, 24 Septemba 2023. Hapo tena vifungo 2 kati ya 35 vya kile kichwa vikagoma! Spana yoyote tu isingefaa, kwa kuwa kazi ilifanyika ndani ya sanduku la nitrojeni kwa zana zilizoidhinishwa pekee. Zikatengenezwa mpya, kichwa kikafunguka Januari 2024. Jumla: gramu 121.6, wakati lengo lilikuwa 60.

Apophis inapita usiku wa Ijumaa, 13 Aprili 2029, kama kilomita 32,000 juu ya ardhi. Usingoje saa 6:46 inapokaribia zaidi. Wakati huo iko upande wa Atlantiki, na kwetu itakuwa imeinama sana magharibi. Tazama saa 3 hadi saa 5 usiku, mbali na taa za bandari: nukta inayotambaa kati ya nyota. Darubini ndogo itasaidia. Ila Aprili ni masika, mawingu ya Tanga unayajua.