Bwawa Tuliloliona Gizani: Jinsi Tulivyopunguza Gharama za Kambi kwa Gari-Nyumba

Safari yetu ya kwanza kwa gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, ilikuwa ya siku 12, na kila siku tulilala kwenye kambi yenye kila kitu: soketi ya umeme, bomba la maji, mahali pa kumwaga maji taka, mabafu ya maji moto, hata bwawa la kuogelea. Bwawa la siku ya nne sijalisahau. Tulifika saa tatu usiku tumechoka, tukaegesha kwa kumulikiwa na tochi, tukalala. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa barabarani tena. Lile bwawa tuliliona gizani, limefunikwa turubai, na tukalilipia kama walioshinda humo kutwa nzima.

Niliporudi nyumbani nikazipanga risiti mezani. Mafuta yalikuwa vile vile nilivyokisia. Kilichotutafuna ni kambi.

Tangu hapo, kabla ya kuchagua pa kulala najiuliza: leo gari linahitaji nini kutoka nje? Mara nyingi halihitaji kitu. Maji yapo, betri ina chaji, gesi haijaisha. Siku kama hiyo tunachotaka ni ardhi tambarare na ruhusa ya kuwepo hapo. Kwa hiyo sasa tunalala mahali pa bure au pa bei ndogo siku tatu hivi mfululizo, kisha tunaingia kambi ya huduma zote na kuikamua. Tunafika mara tu wanapoanza kupokea wageni, tunafua, tunaoga bila kuhesabu dakika, tunachaji kila chenye waya, tunamwaga maji taka na kujaza maji safi, na hatutoki mpaka saa ya kutoka igonge.

Wengi hudhani umeme ndio unaomrudisha mtu kambini. Kwetu ni choo na maji. Choo chenye tangi la kuchomoa hubeba lita 20 hivi, na watu wawili hulijaza kwa siku mbili au tatu. Ukitumia choo cha umma kila unaposimama mchana, unajiongezea siku nzima. Kwenye maji, adui ni bafu. Bomba la kawaida humwaga lita 8 au zaidi kwa dakika, kwa hiyo dakika tano ni lita 40, na tangi la lita 100 linakwisha kabla mtu wa tatu hajamaliza kuoga. Jiloweshe, funga, jisugue, fungua ujisuuze: lita 10 zinatosha. Mume wangu alilalamika wiki nzima, sasa yeye ndiye askari wa bomba. Vyombo navyo tunavifuta kwanza kwa karatasi kabla havijagusa maji.

Jambo ambalo wageni wa safari hizi hawalijui: kambi nyingi hukuruhusu uingie kumwaga maji taka na kujaza maji kwa ada ndogo, bila kulala. Uliza tu mapokezi. Huna haja ya kulipia siku nzima kwa kazi ya dakika 20.

Umeme sasa. Taa, simu, pampu ya maji na feni havina shida, paneli za sola zinavimudu. Kiyoyozi ndicho kinachovuruga hesabu. Cha juu ya paa hula takriban wati 1,500, na betri ya volti 12 ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 tu, tena ikiwa ni ya asidi haifai kuishusha chini ya nusu. Yaani haifikishi hata nusu saa. Tulipokuwa tukilipia soketi kwa ajili ya joto peke yake, dereva mmoja mzee tuliyekutana naye njiani alituambia tupande mlima. Nilicheka, kumbe alisema kweli: kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Sasa msimu wa joto tunatafuta pa kulala huku tukitazama mwinuko kwenye ramani, na kiyoyozi kinabaki pambo.

Lakini neno "bure" lina mitego yake. Gari-nyumba kubwa hunywa lita 25 hadi 30 za mafuta kwa kilomita 100. Uwanja wa bure ulio kilomita 40 nje ya njia yako ni kilomita 80 kwenda na kurudi, sawa na lita 20 na ushei. Mara ngapi tumechoma mafuta hivyo ili kuikwepa kambi ya kando ya barabara! Kipimo changu sasa ni kilomita 10. Zaidi ya hapo nalipia. Na usitembee na tangi limejaa maji pomoni kama bomba liko unakoelekea. Lita 100 ni kilo 100, na injini inazihisi kila mlima.

Mtego mwingine ni sheria, kwa sababu faini moja inameza akiba ya mwezi. Marekani, ardhi ya umma inayosimamiwa na BLM, idara ya serikali kuu ya ardhi, huruhusu kulala bure sehemu nyingi, kwa kawaida hadi siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha uhame. Uskoti watu husikia habari za haki ya kutembea na kupiga kambi popote wakadhani inawahusu na magari, kumbe haki hiyo, iliyo katika sheria ya mwaka 2003, haihusu vyombo vya moto. New Zealand, sehemu nyingi za kulala bure wanataka gari lenye cheti cha kujitosheleza, yaani lina choo, maji safi na tangi la maji taka lake lenyewe, na sheria yao ya 2023 inataka choo kilichofungwa kabisa ndani ya gari, si cha kubeba mkononi. Ufaransa upo mpango wa France Passion: ukijiunga, wakulima na watengeneza mvinyo wanakuruhusu ulale kwao bure siku moja, mradi gari lako lijitosheleze kwa choo na maji. Hulazimiki kununua kitu, ingawa mimi sijawahi kuondoka mkono mtupu.

Uanachama wa punguzo nauchukulia kwa shaka. Gawanya ada ya mwaka kwa kiasi unachookoa kila siku, upate siku ngapi lazima ulale ili urudishe pesa yako. Halafu soma maandishi madogo: mara nyingi punguzo halifanyi kazi wikendi na sikukuu, na hizo ndizo siku ambazo mtu mwenye ajira husafiri. Sisi tulilipia kadi moja mwaka mzima tukaitumia mara mbili.

Kilichotusaidia kuliko kadi ni simu. Mtandao unakuonyesha bei. Mtu wa mapokezi anajua kwamba kuna nafasi imebaki wazi siku moja tu katikati ya wageni wawili, na nafasi hiyo ni ngumu kuuzika. Piga Jumanne, si Ijumaa. Uliza bei ya wiki hata kama ulipanga kukaa siku sita, kwani wapo wanaotoza siku sita kwa saba. Uliza pia kama bei inapanda kwa urefu wa gari, kwa mtu wa tatu, kwa mbwa. Ukienda kwa bei ya mwezi, hakikisha umeme umo ndani. Tuliwahi kushangilia bei ya mwezi mahali fulani, tukaja kusomewa mita mwishoni, na kiyoyozi chetu kilikuwa kimekesha siku zote hizo.

Siku hizi naandika kila tunapolala kwenye daftari la safari, pamoja na kile tulicholipa na kile tulichotumia kweli. Safari iliyopita ilikuwa ya siku 31. Tulilipia 11. Kati ya hizo, kwenye mistari mitatu nimeandika "uvivu", na mmoja "mvua, tulikuwa tumechoka, ilistahili".