Gir: Julai hapana, ndugu yangu

Ndugu, umeuliza kama siku tatu za Julai zinatosha kuona simba wa Gir, kule Gujarat, India. Siku tatu zinatosha, ila Julai hapana: hifadhi hufungwa kwa ajili ya mvua za monsuni kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Oktoba. Sogeza safari hadi Desemba au Januari, na kibali ukate mapema mtandaoni, kwani magari yanayoingia ni ya kuhesabu. Lala Sasan, kijiji cha kuingilia hifadhini, chukua zamu ya alfajiri, na beba sweta. Kwenye gari la wazi baridi inauma kweli.

Simba wa huko mwangalie kwa makini. Manyoya ya shingo ni machache hadi masikio yanaonekana, na chini ya tumbo kuna mkunjo wa ngozi unaoning'inia. Mimi nilimwona amelala chini ya msaji, majani makavu yamemgandia mgongoni.

Siku ya tatu usiende Somnath, kwenye hekalu la Wahindu, tu. Pita Jambur, kijiji cha Wasidi, ambao asili yao ni Afrika. Ngoma yao wanaiita goma. Nilipoisikia, machozi yalinilengalenga.