Maswali ya wasomaji: Kampuni mbili za mieleka zanitaka, niende ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 22, naishi Changamwe. Mieleka nilianza na wenzangu pale ufuo wa Pirates, tukirushana mchangani na juu ya magodoro ya zamani. Sasa kampuni mbili zanitaka. Ya kwanza ni ya hapa hapa Mombasa: ina ulingo wake, mazoezi ni jioni tatu kwa wiki, na hulipa shilingi 1,500 kwa kila shoo. Shoo zenyewe hazizidi tatu kwa mwezi. Ya pili ni ya Nairobi, bado haijatimiza mwaka. Wao waniahidi shilingi 25,000 kwa mwezi, kuonekana kwenye televisheni, na safari ya Dubai. Mkataba wao ni wa miaka mitano, na jina la ulingoni nitakalopewa litakuwa mali yao. Kampuni hizi hazipatani kabisa. Ukiingia moja, nyingine haikutaki tena. Ndoto yangu ni kufika WWE au AEW, zile kampuni kubwa za mieleka za Marekani. Marafiki zangu wote wasema niende Nairobi. Wewe wasemaje?
— Kijana wa Changamwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ungekuwa wangu wa kuzaa ningekuambia ubaki Mombasa kwa sasa, na karatasi yoyote ya miaka mitano usiitie saini. Najua shilingi 25,000 kila mwezi si kitu cha kupuuzwa Changamwe, na huenda nyumbani kuna watu wanaokutazama wewe. Kwa hivyo nitakueleza kwa urefu.

Mimi sikupigana mieleka. Ujana wangu wote ulikuwa wa sarakasi: piramidi, kupinduka na kuruka pete za moto katika mahoteli ya Bamburi na Nyali, kisha mikataba ya ng'ambo, na sasa nafundisha watoto kupinduka pale Tononoka. Lakini kazi hizi mbili ni ndugu. Zote mwili ndio mtaji, mkataba huandikwa na mwenye shoo, na ukiumia shoo inaendelea bila wewe.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Kuhusu kampuni ya Mombasa umeniandikia ulingo na mazoezi. Kuhusu ya Nairobi umeniandikia televisheni na Dubai, lakini ulingo wao hukuutaja, wala anayefundisha hukumtaja. Hapo ndipo pa kuanzia. Katika mieleka ya burudani mshindi hupangwa kabla, lakini mgongo unaotua ni wako. Chini ya turubai mna sponji nyembamba, chini yake mbao, chini yake vyuma. Ndiyo maana kitu cha kwanza anachofundishwa mwanamieleka popote ni kuanguka: kidevu kifuani, mikono ipige turubai, uzito usambae mgongoni usije ukaishia shingoni. Kampuni ya New Japan ya kule Tokyo huwaweka vijana wake wapya kwenye bweni la mazoezi, wapike, wafagie, wachuchumae na kuinuka hadi miguu itetemeke, kabla hawajapewa jina kubwa wala vazi la rangi. WWE ilijenga kituo chake cha mafunzo Orlando mwaka 2013 kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna kampuni yenye akili inayompeleka kijana kwenye televisheni kabla hajajua kuanguka, na jioni tatu kwa wiki kwenye ulingo wa kweli ni mali ambayo vijana wengi wa Pwani hawajaipata.

Sasa kuhusu hiyo miaka mitano, nikupe kisa cha Bret Hart wa Kanada, mwanamieleka ninayempenda kuliko wote. Alifunzwa na babake, Stu Hart, katika chumba cha chini ya nyumba yao mjini Calgary, na amejivunia maisha yake yote kwamba hakumuumiza vibaya mtu aliyepambana naye. Mwaka 1996 WWF, ambayo leo ndiyo WWE, ilimpa mkataba wa miaka 20 ili asihamie kwa mahasimu wao WCW. Miaka 20! Mwaka mmoja tu baadaye mwenye kampuni, Vince McMahon, akamwambia hizo pesa hataweza kuzilipa, bora ahamie huko huko WCW. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1997, mjini Montreal, katika pambano lake la mwisho kabla ya kuhama, kengele ikagongwa kinyume na walivyoagana. Hakuwa amesalimu amri, lakini mkanda wa ubingwa akapewa mpinzani wake, Shawn Michaels. Akahamia WCW. Desemba 1999 akakutana ulingoni na Goldberg, mtu wa nguvu nyingi aliyekuwa na miaka michache tu katika mieleka, na teke moja la kichwa likamtikisa ubongo. Mwaka uliofuata Bret alistaafu.

Kisa hiki naomba ukisome tena kabla ya kupanda basi la Nairobi. Ule mkataba mrefu haukumfunga mwenye kampuni. Alipotaka kutoka, alitoka. Na aliyemaliza kazi ya Bret Hart ni mwenzake wa ulingoni ambaye hakuwa amekomaa. Kwa hivyo waulize Nairobi utapambana na nani, na huyo naye amefunzwa wapi.

Marafiki zako wakisema kampuni zikigombana wanamieleka ndio wanaofaidi, hawajakosea. WCW ya Ted Turner ilianzisha kipindi cha Nitro Septemba 1995, usiku ule ule wa Raw ya WWF. Scott Hall na Kevin Nash wakahama WWF kwenda WCW mwaka 1996 kwa mikataba ya malipo ya uhakika, na WWF nayo ikabidi iwahakikishie watu wake malipo. Steve Austin, aliyefukuzwa na WCW mwaka 1995 akiwa majeruhi, alipata pa kwenda na akaja kuwa nyota mkubwa kabisa wa WWF. Machi 2001 WWF ikainunua WCW, ECW, kampuni ya tatu, nayo ikafa mwaka huo huo, na kwa miaka mingi Marekani ikawa na mnunuzi mmoja mkubwa, mpaka Tony Khan alipoanzisha AEW mwaka 2019. Mei ya mwaka huo Jon Moxley alitokea AEW, wiki chache tu baada ya mkataba wake wa WWE kwisha. Tazama nani walifaidi: ni wale waliokuwa na ruhusa ya kuhama wakati ule. Wewe ukijifunga miaka mitano na kampuni ambayo yenyewe haijatimiza mmoja, ugomvi wa Mombasa na Nairobi hautakuongezea hata shilingi. Kabla hujauliza watakupa nini ukiingia, uliza utatokaje.

Jina nalo usilichezee. Huyo Jon Moxley, WWE walimwita Dean Ambrose, na alipotoka jina hilo lilibaki kwao. Yeye alikuwa na bahati: Moxley lilikuwa jina lake la zamani, alilolijenga kwenye kumbi ndogo, na watu walilikumbuka. Cody Rhodes alipoondoka WWE mwaka 2016 hakuweza kutumia Rhodes ulingoni, jina ambalo babake, Dusty, alilitolea jasho. Kwa muda akatangazwa kama Cody tu. Alipigana kwenye kampuni ndogo na Japani, akawa miongoni mwa walioanzisha AEW, akarudi WWE mwaka 2022, na mwaka 2024 akashinda mkanda mkuu pale WrestleMania ya 40, shoo kubwa kuliko zote za WWE. Bila jina kamili alifika kwa sababu tayari alikuwa mwana wa mtu. Wewe na mimi hatuna hiyo nafasi. Jichagulie jina lako sasa hivi, upigane nalo Mombasa, na ukipata pesa kidogo lisajili kama alama ya biashara kwa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo, ambako usajili hudumu miaka 10 na unaweza kuongezwa. Kisha kampuni yoyote ije ikukodishe wewe pamoja na jina lako.

Kuna neno jingine la kulitafuta kwenye mkataba: wewe ni mwajiriwa, au ni mkandarasi huru? WWE yenyewe huwaandika wanamieleka wake kama wakandarasi huru. Hapa Kenya, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 humlinda mwajiriwa. Ukiandikwa mkandarasi, goti likikatika, gharama za hospitali ni juu yako. Nilikuwa na mwenzangu katika kikundi chetu, kijana wa Majengo, yeye ndiye aliyekuwa akisimama chini ya piramidi na sisi wote juu ya mabega yake. Goti lilimtoka tukiwa ng'ambo, katikati ya msimu. Meneja alimpa tiketi ya ndege na bahasha isiyotosha hata picha za eksirei, na jioni ile ile akatafutwa mtu wa kusimama mahali pake. Mpaka leo anachechemea. Nikimwona sokoni Kongowea moyo huniuma upya, ndiyo maana naandika barua ndefu hivi. Jilipie bima yako ya afya ya SHA mwenyewe, halafu bado dai kifungu kinachosema nani hulipa ukiumia kwenye shoo yao na kwenye mazoezi yao.

Na hiyo Dubai: ajenti anayepeleka watu kufanya kazi nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Omba nambari ya usajili, uithibitishe mwenyewe. Pasi yako haikai mfukoni mwa mtu mwingine.

Ukitaka kuwajibu Nairobi kwa adabu, waambie hivi: nitakuja kwa shoo tatu za majaribio, kwa malipo ya kila shoo, na jina langu. Wakikubali, nenda ukawaone wanavyofundisha na wanavyolipa. Wakikasirika, umeshajibiwa. Na watu wa Mombasa nao usiwape bure: waombe shilingi 2,500 kwa shoo, na ruhusa ya kutumia video zako mwenyewe. Video ndizo zitakazokufikisha unakotaka. Vijana wa Soft Ground Wrestling kule Mukono, Uganda, walianza mwaka 2023 kwenye ulingo wa matope, na dunia ikawajua kupitia simu. WWE nayo imeshatafuta vipaji Lagos, mwaka 2024. Wakija karibu na kwetu, wakukute unajua kuanguka, una jina, na huna mtu wa kumwomba ruhusa. Una miaka 22 tu, mwanangu. Muda unao.

SWALI: Mwalimu, binti yangu ana miaka 16. Kutwa yuko kwenye simu akitazama mieleka, na jioni hurushana na wavulana wa mtaa. Asema atakuwa kama Becky Lynch. Kuna mtu amemwambia atamtia kwenye kampuni. Nimkataze?
— Mama wa Likoni

JIBU: Mchezo usimkataze, dadangu. Huyo mtu ndiye wa kukatazwa. Mtoto chini ya miaka 18 hafungiwi mkataba mitaani, na mtu mzima anayemfuata binti bila kupitia kwa mzazi hana kampuni ya maana. Ama ndoto yenyewe, si ya kuchekwa: mwaka 2019, huyo huyo Becky Lynch na wenzake wawili walikuwa wanawake wa kwanza kupewa pambano la mwisho la usiku wa WrestleMania. Lakini kurushana barabarani kutamvunja shingo. Mpeleke akajifunze judo au kupinduka kwenye mkeka, chini ya mwalimu unayemjua kwa sura, na mazoezi ya kwanza uhudhurie mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Ukivuka feri Jumamosi asubuhi, Tononoka si mbali. Darasa langu lina wasichana wengi kuliko wavulana, na wazazi wana viti vyao pembeni.