Bangi Kanada: Angalia Mifuko Kabla ya Safari

Usiku wa kuamkia safari yangu ya Dar es Salaam, nilikuwa napanga sanduku nyumbani Toronto. Koti nililoazima kwa binamu yangu lilikuwa na pakiti ndogo kwenye mfuko wa ndani. Nikadhani ni peremende za watoto wake. Nilipoisoma vizuri nikaona alama nyekundu yenye jani la bangi. Nilikaa kitandani nikitetemeka.

Binamu hakuwa na nia mbaya. Alinunua dukani na risiti akapewa. Ndiyo maana naandika, ndugu zangu wahamiaji: tumeizoea mno ruhusa hii ya bangi Kanada, tukasahau ni ya juzi tu.

Kanada iliiweka bangi kwenye orodha ya dawa haramu mwaka 1923, karibu bila mjadala bungeni. Tume ya Le Dain, iliyoundwa na serikali kuchunguza dawa za kulevya, ilishauri mwaka 1972 kwamba mtu asiadhibiwe kwa kukutwa na bangi, serikali haikufuata. Mwaka 2000 mahakama ya rufani ya Ontario ikaamua kwamba kumwadhibu mgonjwa wa kifafa anayeitumia kama tiba ni kukiuka haki zake, na mwaka uliofuata wagonjwa wakawekewa utaratibu wa vibali. Watu wazima wengine walisubiri hadi 17 Oktoba 2018, waliporuhusiwa kuwa na hadi gramu 30 za bangi kavu hadharani na miche 4 kwa kila nyumba. Hata hapo majimbo hayafanani. Umri Alberta ni miaka 18, Ontario 19, Quebec 21, na Quebec imekataza kuotesha nyumbani. Mahakama ya Juu ya Kanada ikaliunga mkono katazo hilo mwaka 2023.

Ruhusa hiyo haivuki mpaka. Kuitoa au kuiingiza nchini bila kibali kunaweza kukufunga hadi miaka 14, hata kama unakwenda jimbo la Marekani linaloiruhusu. Tanzania na Kenya bado ni jinai, na risiti ya Toronto haitakutetea.

Linaloniumiza zaidi ni la barabarani, kwa sababu wengi wetu hatulijui. Tangu 18 Desemba 2018, adhabu ya juu ya kuendesha gari ukiwa umelewa, iwe pombe au bangi, ilipanda kutoka miaka 5 hadi 10. Kwa sheria ya uhamiaji huo ni uhalifu mzito. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuamriwa kuondoka nchini, hata kama hakimu alimtoza faini tu. Ukivuta, acha funguo nyumbani. Ukishikwa, muone wakili wa uhamiaji kabla hujakiri kosa, kwa kuwa wakili wa jinai huenda asiwaze kibali chako cha ukaazi.

Mwenye hukumu ya zamani ya kukutwa na bangi, tangu Agosti 2019 unaweza kuomba msamaha wa rekodi, yaani hukumu itengwe na rekodi nyingine ingawa haifutwi, bila kulipa ada ya maombi. Omba mapema. Lakini maafisa wa mpaka wa Marekani hawalazimiki kuutambua msamaha huo.

Usiku ule nilimpigia binamu, akaja saa tano kuchukua pakiti yake. Kisha nikalimwaga sanduku lote sakafuni, nikaanza upya, mfuko kwa mfuko.